Miezi mitano na miaka thelathini: Maisha ya Simon Kimbangu mbele ya Bula Matari

Simon Kimbangu alihubiri hadharani kwa miezi mitano na siku chache, mwaka 1921. Kwa ajili ya miezi hiyo serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilimfunga miaka thelathini, mpaka akafia kifungoni hapa Lubumbashi, mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville. Hakuwa na bunduki, hakuwa na chama cha siasa, wala hakuwa na cheo cha kimila. Alikuwa mwanakijiji aliyesoma misioni na kufundisha Biblia. Upande wa pili kulikuwa na serikali yenye jeshi, reli, meli, mahakama, na mfalme huko Brussels. Ninapoweka miezi mitano upande mmoja wa mizani na miaka thelathini upande wa pili, nauliza swali moja: serikali ilipata wapi uwezo wa kumficha mtu mmoja muda wote huo bila mtu yeyote kuweza kuidai jibu?

Nasimulia maisha haya kama mwanafunzi wa lugha, si kama mwanatheolojia. Walio waumini wa Kanisa lake wanayajua mambo ya imani kuliko mimi, nami nawaachia. Mimi nafuata kitu kingine: maneno na karatasi. Mengi yaliyompata Kimbangu yaliamuliwa na nani aliandika, aliandika kwa lugha gani, na karatasi ya nani iliaminiwa.

1. Mtoto wa Nkamba

Alizaliwa Nkamba, kijiji cha Bakongo kisicho mbali na Mbanza-Ngungu, mji ambao Wabelgiji waliuita Thysville. Kanisa lake linaadhimisha tarehe 12 Septemba 1887 kuwa siku ya kuzaliwa kwake. Mama yake alifariki naye akiwa mdogo, akalelewa na ndugu wa mama yake aitwaye Kinzembo. Kwa desturi ya Bakongo hilo halikuwa jambo la ajabu, maana mtoto ni wa ukoo wa mama, na dada wa mama ni mama.

Misioni ya karibu ilikuwa Ngombe-Lutete, ya Wabaptisti wa Uingereza. Sisi wa fani hii tuitazame misioni hiyo vizuri. Ndipo alipofanya kazi William Holman Bentley, aliyechapisha kamusi na sarufi ya Kikongo mwaka 1887, kisha akatafsiri Agano Jipya kwa lugha hiyo. Kwa hiyo Kimbangu alikua katika nchi ambayo lugha yake ilikuwa imekwisha kuandikwa. Alijifunza kusoma kwa Kikongo, akasali kwa Kikongo, na Biblia aliyoifungua mbele ya watu haikuwa kitabu cha lugha ya kigeni. Tarehe 4 Julai 1915 alibatizwa pamoja na mke wake, Marie Muilu. Walipata watoto watatu wa kiume: Kisolokele, Dialungana na Diangienda.

Lakini lugha hiyo hiyo ilikuwa na jina la serikali, na jina hilo halikutoka katika Biblia. Bakongo walimwita Stanley Bula Matadi, yaani mvunja mawe, alipokuwa akipasua njia katika milima ya Kongo ya chini. Baadaye jina likamtoka mtu likaishika serikali nzima, likaenea hata katika lugha nyingine likitamkwa Bula Matari. Katika Kiswahili chetu cha Kongo tuna serikali, tuna pia Leta, neno tulilolichukua katika Kifaransa. Lakini nadhani hakuna jina linaloeleza jinsi wananchi walivyoiona Leta ile kuliko hili la mvunja mawe. Jina hilo halisemi kwamba serikali inatunza au inaongoza. Linataja kile inachofanya ikikuta kitu kigumu njiani.

Miaka ile Nkamba iliiona kazi ya mvunja mawe kwa karibu. Reli ya Matadi hadi Léopoldville, iliyomalizika 1898 na kugharimu maisha ya watu wengi, ilipita Thysville. Vijana walitakiwa kwa kazi ya reli, ya mashamba makubwa na ya upagazi. Kodi ilidaiwa kwa pesa, na pesa haikupatikana ila kwa kufanya kazi ya mzungu. Kisha mwaka 1918 mafua makali yaliyozunguka dunia yakafika na kuua watu vijijini. Ni wakati huo, kwa masimulizi ya Kanisa, Kimbangu alipoanza kusikia sauti ikimwita awachunge watu. Alikataa. Alikimbilia Kinshasa akafanya kazi huko kwa muda, kisha akarudi nyumbani kulima.

2. Watu wanaondoka kazini

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, aliingia nyumbani kwa mwanamke mgonjwa aitwaye Nkiantondo, akamwekea mikono na kumwombea. Habari ikatoka kwamba mwanamke amepona. Baada ya wiki chache njia zote za kwenda Nkamba zilijaa watu. Wengine walibebwa katika machela, wengine walitembea kwa siku nyingi, na wengine walivuka kutoka Angola na Kongo ya Wafaransa.

Mahubiri yake hayakuwa na neno la vita. Aliwaambia watu waache minkisi, wanaume wawe na mke mmoja, ngoma za anasa zikome. Kwa mmisionari hayo yalikuwa mambo ya kumfurahisha, na kweli baadhi ya Waprotestanti mwanzoni hawakujua wamkaribishe au wamwogope. Watu walimwita ngunza, yaani nabii. Jina hilo nalo lilitoka katika Biblia ya Kikongo, lakini sasa lilikuwa limepewa mtu mweusi aliye hai, ambaye hakuna misioni iliyomtuma.

Tatizo la serikali halikuwa mafundisho. Tatizo lilikuwa miguu ya watu. Wafanyakazi wa reli waliondoka kazini. Mashamba yalikosa vibarua. Wagonjwa walitoka hospitalini wakaelekea Nkamba, na misioni za Wakatoliki zikaona wanafunzi wao wa dini wakipungua. Wenye kampuni walilalamika, mapadri walilalamika. Vijijini wakatokea manabii wengine, na baadhi yao Kimbangu mwenyewe hakuwakubali.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kiini cha kisa. Maelfu ya watu walitembea bila kibali, bila kapita, bila mshahara, kwa sababu mtu wa kwao aliwaita kwa lugha yao. Serikali ile ilizoea kuona watu wakienda pale tu inapowatuma. Ilipoona watu wakijituma wenyewe, hata kama wanakwenda kusali, ilikuta jiwe.

3. Ngazi moja baada ya nyingine

Tarehe 11 Mei 1921 msimamizi wa teritwari ya Thysville, Léon Morel, alifika Nkamba kujionea. Inasimuliwa kwamba Kimbangu alimsomea habari za Daudi na Goliathi kutoka katika kitabu cha Kikongo. Kwa wafuasi hilo lilikuwa somo la imani. Kwa msimamizi lilikuwa tishio, kwa kuwa alijua nani katika nchi ile alikuwa jitu na nani alikuwa kijana mwenye kombeo. Msomaji mmoja, wasikilizaji wa aina mbili, maana mbili. Walimu wetu wa semantiki wanaweza kukaa na kisa hicho muhula mzima.

Kilichofuata kilikwenda ngazi kwa ngazi, na naomba msomaji azihesabu pamoja nami, kwa sababu uwezo wa serikali hauongezeki kwa siku moja.

Ngazi ya kwanza ilikuwa ripoti. Msimamizi aliandika kwa wakubwa wake kwamba harakati hii ni ya hatari. Mtu aliyeandikwa hakuiona ripoti, hakuweza kuisahihisha. Ngazi ya pili ilikuwa mkutano. Tarehe 1 Juni, huko Thysville, wakuu wa serikali walikaa na wamisionari wa pande zote mbili. Wakatoliki walitaka harakati ikomeshwe kwa nguvu; Waprotestanti walishauri upole. Bakongo hawakuwa na mtu wa kuwasemea katika kikao hicho. Ngazi ya tatu ilikuwa askari. Tarehe 6 Juni walipelekwa Nkamba kumkamata. Fujo ikazuka, risasi zikafyatuliwa, vitu vya watu vikaporwa, na Kimbangu akapotea katika umati. Ngazi ya nne ilikuwa sheria mpya. Mwezi wa Agosti eneo la Thysville likawekwa chini ya utawala wa kijeshi, ambao ulihamisha kesi kutoka mahakama za kawaida kwenda kwa askari.

Kila ngazi peke yake yaweza kuonekana ndogo. Ripoti ni kazi ya msimamizi. Mkutano ni jambo jema. Polisi hutafuta watu. Nchi ikitikisika hutolewa amri. Ukizipanga zote pamoja unaona kwamba kati ya Mei na Agosti mtu mmoja aliondolewa kila mlango ambao raia angeweza kupitia kujitetea, na kila mlango ulifungwa kwa karatasi yenye muhuri.

Kimbangu alijificha vijijini kwa muda wa miezi mitatu hivi. Maelfu ya watu waliweza kumtoa, hawakumtoa. Tarehe 12 Septemba 1921 alirudi Nkamba mwenyewe akajitoa mikononi mwa askari. Wafuasi wake wanaona hapo mfano wa Yesu akienda Yerusalemu. Hata asiye mwumini anaweza kuona kitu kingine: mtu asiye na uwezo wowote alichagua mwenyewe siku na mahali pa kukamatwa. Ulikuwa uamuzi wa mwisho ambao serikali ilimwachia.

4. Hukumu ya Thysville

Mahakama ya kijeshi ya Thysville iliongozwa na kamanda De Rossi. Kimbangu hakuwa na wakili, na hukumu haikuwa na rufaa. Wafuasi wake kadhaa walishtakiwa pamoja naye, miongoni mwao msichana aitwaye Mandombe. Mashtaka yalihusu kuhatarisha usalama wa dola na kuchochea uadui dhidi ya wazungu. Nyimbo za dini zilizotaja mapigano ya kiroho zilisikika katika masikio ya mahakama kama nyimbo za vita. Neno ngunza, ambalo wamisionari wenyewe walikuwa wamelitumia kwa Isaya na Yeremia, likawa ushahidi wa uasi.

Tarehe 3 Oktoba 1921 hukumu ilitolewa: fimbo 120, kisha kifo.

Hukumu hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Ni karatasi ya ajabu kwa mtu aliyezoea kuchambua maandishi. Inazungumza juu ya mtu kuliko inavyozungumza juu ya matendo. Inaeleza nia yake, inaeleza kile ambacho watu wangeweza kufanya siku moja, inaeleza hatari itakayokuja. Mauaji aliyoyafanya hayatajwi, maana hayakuwapo. Miaka mingi baadaye, mwaka 1959, mwanasheria Mbelgiji Jules Chomé aliichunguza kesi hiyo katika kitabu kizima na kuonyesha jinsi sheria ya Wabelgiji wenyewe ilivyokanyagwa. Lakini Kimbangu alikuwa amekwisha kufa miaka minane.

Wamisionari wa Kibaptisti waliomba huruma, na katika serikali pia kulikuwa na waliosita. Mwezi wa Novemba mfalme Albert wa Kwanza alibadilisha adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Vitabu vya zamani vya shule vilitaja jambo hilo kama wema wa mfalme. Silikatai, maana uhai ni uhai. Lakini tuangalie huruma hiyo imetoka wapi. Mtu mmoja aliye mbali, asiyemjua mshtakiwa, asiyelijua neno moja la Kikongo, anaamua kwa saini kama huyu afe au aishi. Saini hiyo hiyo ingeweza kuandika kinyume. Raia anayeishi kwa huruma bado hajapata haki.

5. Elisabethville

Alipelekwa Katanga, takriban kilometa 1,500 kutoka Nkamba ukipima kwa mstari ulionyooka. Mwaka 1921 hapakuwa na reli iliyounganisha Katanga na Kongo ya chini. Reli ya BCK ilifika Ilebo, wakati huo Port-Francqui, mwaka 1928 tu. Kwa mke wake Marie Muilu, aliyebaki Nkamba akiwa chini ya macho ya serikali, Elisabethville ilikuwa kama nchi nyingine. Mwana mkubwa, Kisolokele, mwenye umri wa miaka saba hivi, alitolewa kwao akapelekwa katika koloni la shule la Boma.

Umbali ule ulikuwa sehemu ya adhabu, na lugha vilevile. Mji wetu ulikuwa mji wa shaba, wa wafanyakazi waliotoka Kasai, Maniema, Rwanda, Rhodesia, na lugha iliyowaunganisha kazini ilikuwa Kiswahili. Kikongo hakikuwa lugha ya mitaa hii. Mtu ambaye nguvu yake yote ilikuwa kusema na watu wa kwao aliwekwa mahali ambapo watu wa kwao hawakuwapo. Mfungwa ambaye hawezi kusikika na wale wanaomwelewa amefungwa mara mbili.

Kimbangu aliishi humo kuanzia wakati mji ulipokuwa na umri wa miaka kumi na kitu. Ulikua akiwa ndani. Alikuwa ndani mwezi wa Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma wakidai nyongeza ya mshahara, na askari wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira, makumi wakafa. Wachimba shaba hao walidai pesa. Wafuasi wa Nkamba walitaka kusali. Madai hayakufanana hata kidogo. Jibu la Bula Matari lilifanana, kwa sababu pande zote mbili kosa lilikuwa moja: watu walikusanyika bila kuitwa na serikali.

Simon Kimbangu alifariki tarehe 12 Oktoba 1951. Alizikwa hapa mjini.

6. Wahamishwa

Kama habari ingeishia kwa mtu mmoja, tungeweza kusema ni kesi mbaya ya hakimu mbaya. Lakini nyuma yake kulikuwa na chombo kilichofanya kazi bila hakimu kabisa. Dekreti ya mwaka 1910 iliruhusu serikali kumhamisha mwenyeji yeyote iliyemwona kuwa anavuruga utulivu, na kumlazimisha akae mbali na kwao. Hapakuwa na haja ya kesi. Ilitosha amri.

Kwa chombo hicho wafuasi wa Kimbangu walitawanywa nchi nzima. Kanisa hutaja hesabu ya familia 37,000. Wanahistoria wengine huona hesabu hiyo ni kubwa mno. Hata tukichukua hesabu ndogo, ni watu wengi waliotolewa mashambani kwao pamoja na wake na watoto. Waliohesabiwa kuwa wa hatari zaidi walipelekwa katika makoloni ya kilimo kama Lowa, Oshwe na Ekafera. Huko walikutana na watu wa Kitawala, harakati nyingine iliyochukiwa na serikali, ambayo jina lake lilitokana na Watch Tower lakini katika Kiswahili likasikika kama kitenzi cha kutawala. Wakuu wa utawala hawakulipenda jina hilo, na sidhani kama tunahitaji kueleza sababu.

Jambo moja halikwenda kama serikali ilivyopanga. Ilimpeleka mhamishwa mbali ili aache kuhubiri. Akahubiri kule alikopelekwa. Imani iliyokuwa ya Bakongo wachache ikafika Équateur, Kasai na mashariki, ikajifunza Lingala, Kiswahili na Ciluba. Serikali ndiyo iliyoisafirisha, kwa gharama yake.

Nisingependa tufurahie jambo hili haraka. Mara nyingi watu husimulia habari za wanyonge kana kwamba mwisho mwema hulipa kila kitu. Mtoto aliyezaliwa Lowa na kukua bila kumwona bibi yake wa Nkamba hakulipwa na mtu yeyote.

7. Barua na mifupa

Katikati ya miaka ya 1950 wafuasi waliokuwa wakisali kwa siri walibadilisha njia. Marie Muilu alikuwa ameutunza moto kwa zaidi ya miaka thelathini, na sasa mwanawe mdogo, Joseph Diangienda, aliyesoma Boma na kufanya kazi katika ofisi za serikali, alijua jinsi Leta inavyoandikiwa. Wafuasi walimwandikia gavana mkuu Pétillon barua yenye majina na saini zao. Waliomba mateso yakome. Kama serikali haitaki, walisema wako tayari kukusanyika wote pamoja mahali pamoja wauawe kwa siku moja, badala ya kuuawa kidogo kidogo.

Naiona barua hiyo kuwa tendo kubwa kupita yote baada ya siku za Nkamba. Tangu 1921 serikali ndiyo iliyowaandika wao: katika ripoti, katika hukumu, katika amri za kuhamishwa. Sasa wao waliiandika serikali. Walitumia lugha yake, karatasi yake, na wakaweka majina yao chini bila kujificha. Utawala wa aina ile unataka raia asiye na jina na mlalamikaji asiye na ushahidi. Barua ile iliunyima vyote viwili. Mateso yakalegea, na tarehe 24 Desemba 1959 Kanisa likatambuliwa rasmi. Marie Muilu hakuiona siku hiyo. Alifariki mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Aprili 1960 mabaki ya mume wake yalitolewa katika ardhi ya Elisabethville yakarudishwa Nkamba. Miezi michache baadaye Kisolokele, yule mtoto wa Boma, akawa waziri katika serikali ya Lumumba.

Hapo ndipo wasimulizi wengi husimama. Mimi nitakwenda mbele kidogo, kwa sababu uhuru ulibadilisha wenye madaraka kuliko ulivyobadilisha mizani. Mwisho wa mwaka 1971 sheria ya utawala wa Mobutu ilipunguza makanisa yanayotambuliwa yakawa machache sana. Kanisa la Kimbangu lilikuwa miongoni mwao. Vikundi vidogo vingi, vikiwemo vilivyotokana na ngunza huyo huyo, vilijikuta nje ya sheria. Lililofungwa jana lilikuwa sasa ndani, na wengine walikuwa nje, lakini ufunguo ulibaki mkononi mwa serikali.

Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Kijeshi huko Kinshasa ilifuta hukumu ya 1921. Ilichukua miaka tisini, na iliyofuta ni mahakama ya kijeshi, kama iliyohukumu. Tangu 2023 tarehe 6 Aprili ni sikukuu ya taifa, kwa heshima ya mapambano ya Kimbangu. Ni haki yake, nami nafurahi. Hata hivyo, nikiwa raia, naona kwamba serikali iliyoweza kumwita mwasi ndiyo pia inayoweza kumwita shujaa, kwa amri ya aina ile ile. Kati ya amri hizo mbili, sauti ya Kimbangu mwenyewe iko wapi?

8. Daftari za Kikongo

Kuna jibu, nalo limo katika fani yetu. Siku za Nkamba wafuasi wawili waliojua kuandika, Nfinangani na Nzungu, waliandika kwa Kikongo mambo waliyoyaona: nani alikuja, nini kilisemwa, askari walifika lini. Maandishi hayo yalichapishwa na Paul Raymaekers mwaka 1971, pamoja na tafsiri ya Kifaransa. Bila hayo tungekuwa na ripoti ya msimamizi na hukumu ya kamanda peke yake, na leo tungekuwa tukibishana kwa maneno ya Bula Matari hata tunapompinga.

Tukiziweka karatasi hizo upande kwa upande tunaona tofauti ya mizani kwa macho. Karatasi ya serikali ina muhuri, ina askari nyuma yake, na inapoandika kifo, kifo kinakuja. Daftari la Nfinangani na Nzungu halikuwa na nguvu hata ya kumfungulia mtu mlango. Lakini lina kitu ambacho hukumu haina: Nkiantondo ana jina humo, vijiji vina majina, na Kimbangu anasema kwa lugha aliyoisema.

Katika miji yetu bado wako wazee ambao wazazi wao walihamishwa kwa amri ya msimamizi, hapa Katanga, kule Lowa na Ubundu, na habari hizo wanazisimulia kwa Kiswahili. Hazimo katika nyaraka za Brussels. Ningependa kazi za mwisho wa mwaka katika fakultasi yetu ziende kwao pamoja na kinasa sauti na daftari, ziandike majina ya watu, ya vijiji na ya njia walizopitishwa, kwa maneno yao wenyewe. Serikali ina wahifadhi wake wa nyaraka, nao wanalipwa. Raia wa kawaida hana mwingine ila aliyesoma lugha yake.